Fizikia ya Mpemba na shule zetu za vipaji

Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari Magamba huko Lushoto, wavulana walikuwa na mtindo wa kujitengenezea aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakatia sukari, wakasubiri yapoe, ndipo wakayaweka kwenye sehemu ya kugandishia ya jokofu. Nafasi ilikuwa finyu na wapishi walikuwa wengi. Siku moja mwanafunzi wa kidato cha tatu, Erasto Mpemba, akamwona mwenzake anawahi nafasi kwa kuingiza maziwa ambayo hakuyachemsha kabisa. Mpemba akapiga hesabu: nikisubiri yangu yapoe, nimekosa. Akayasukuma ndani yakiwa ya moto vilevile. Saa moja na nusu baadaye wakafungua. Ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Akamuuliza mwalimu wa fizikia imekuwaje. Akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Baadaye rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu Tanga mjini alimweleza kwamba wao huweka mchanganyiko ukiwa wa moto makusudi, maana huganda upesi. Alipofika Mkwawa, Iringa, kuendelea na sekondari ya juu, mada ya kwanza ikawa joto na kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu. Akauliza tena. Mwalimu, alipoona kijana hakubali, akamwambia kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu siku hiyo Mpemba akikosea hesabu, darasa zima lilikuwa na wimbo wake: hiyo ni hisabati ya Mpemba.

Wengi tunaijua hadithi hii kwa mwisho wake mtamu. Dk. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, alikwenda Mkwawa kutoa mhadhara. Mpemba akasimama na swali lake, wenzake wakaangua kicheko, mgeni akamuuliza kama kweli amelijaribu, kisha akaahidi kwenda kulijaribu mwenyewe. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja, na leo jambo hilo linaitwa athari ya Mpemba dunia nzima. Wanasayansi bado wanabishana kama lipo kweli na linatokea lini; wapo waliopima kwa makini wasilione. Kwangu ubishi huo haupunguzi kitu. Swali linalowaweka watu maabara kwa zaidi ya nusu karne ni swali zuri, jibu liwe lolote.

Mimi hurudia sehemu ya katikati, ile miaka ambayo kijana alikuwa na swali na shule haikuwa na mahali pa kuliweka. Walimu wake hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na muhtasari, walikuwa na ratiba, na mbele yao kulikuwa na mtihani. Swali la Mpemba halikuwemo katika vyote vitatu. Ukiniuliza mtaala wa wanafunzi wenye vipaji ni kitu gani, nitakujibu kwamba ni mahali palipotengwa mapema kwa ajili ya swali ambalo muhtasari haukulitarajia. Miaka zaidi ya 60 imepita na mahali hapo bado hatujapatenga. Tuna chekeche la kuchagulia watoto, na tunalisifu sana. Chungu cha kupikia hatuna.

Tazama shule zetu saba: Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Tabora Wavulana, Tabora Wasichana, Kilakala na Msalato. Mtaani tunaziita shule za vipaji maalumu, na mzazi ambaye mwanawe kapangiwa mojawapo hawezi kulala na habari hiyo. Lakini soma orodha ya TAMISEMI ya waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza. Humo zinaitwa shule za bweni za wanafunzi wenye ufaulu mzuri zaidi. Serikali, kwa uangalifu ambao huenda haikuukusudia, imesema ukweli. Aliyepita pale amepita kwa alama. Kipaji tumekiongeza sisi.

Na akishafika, anasoma nini? Anasoma muhtasari uleule wa mtoto wa shule ya kata jirani. Vitabu ni vilevile vya Taasisi ya Elimu, mada ni zilezile kwa mpangilio uleule, upimaji wa kidato cha pili ni uleule, na mtihani wa kidato cha nne ni uleule. Tofauti ni mazingira: bweni, maabara yenye vifaa kiasi, na wenzake ambao nao walikuwa wa kwanza huko walikotoka. Sidharau hilo la mwisho. Mtoto ambaye maisha yake yote ameshinda bila jasho anahitaji sana siku ya kushindwa na mwenzake wa kitanda cha juu. Ila hilo ni jambo la malazi na ujirani. Mtaala ni kitu kingine.

Kinachojaza pengo la mtaala mara nyingi ni mbio. Silabasi inamalizwa mapema, kisha miezi inayobaki ni mitihani iliyopita, moko ya mkoa, moko ya kanda, na maswali ya shule rafiki. Mtoto mwenye uwezo wa kufika Mwanza anazungushwa kwenye kituo cha mabasi kwa mwendo wa kasi. Kwa miaka mingi mbio hizo zilikuwa na zawadi yake: kumi bora ya shule na kumi bora ya wanafunzi, na yule wa kwanza kabisa nchini tuliyekuwa tukimwita T.O., yaani Tanzania One. Januari 2023 Baraza la Mitihani likaacha kutangaza orodha hizo. Niliunga mkono uamuzi ule na bado nauunga mkono, ingawa kijiweni nilipingwa sana. Lakini kuondoa kikombe hakubadilishi mchezo. Watoto wale bado wanafundishwa kukimbia mzunguko uleule, sasa bila kushangiliwa.

Kiswahili kina utani wake. Kipaji ni karama, na kipaji cha uso ni hii sehemu ya juu ya nyusi. Tunaenda kana kwamba cha kwanza kimeandikwa kwenye cha pili: ukimtazama mtoto unakisoma. Mtihani wa darasa la saba ndiyo miwani yetu ya kusomea. Sehemu kubwa ya mtihani ule ni kuchagua herufi na kusiliba. Unapima kitu, sikatai. Unapima kumbukumbu, utulivu, kasi, na pia kama nyumbani kulikuwa na taa na hela ya twisheni. Hauna njia ya kupima mtoto anayeuliza kwa nini maziwa ya moto yameganda kwanza. Mtoto wa namna hiyo, chumba cha mtihani humpotezea muda.

Wamarekani walishalipia somo hili. Mwaka 1921, Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford alianza kuwakusanya watoto wa California wenye alama za juu kabisa kwenye kipimo cha akili, akapata zaidi ya 1,500, akawafuatilia maisha yao yote. Wengi walifanya vizuri: wakawa mawakili, madaktari, wahadhiri. Hakuna aliyepata tuzo ya Nobel. Lakini wavulana wawili waliopimwa wakaonekana hawafikii kiwango, William Shockley na Luis Alvarez, walikuja kuipata katika fizikia, mmoja mwaka 1956 na mwingine 1968. Chekeche lilikuwa la kisasa kuliko letu. Mchele ukapita pembeni.

Ushahidi unaonigusa zaidi ni wa hapa kwetu. Mwaka 2002 Robert Sternberg na Elena Grigorenko, pamoja na wenzao wakiwemo Watanzania, walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya kwenye shule za vijijini karibu na Bagamoyo. Waliwapima watoto zaidi ya mia tatu kwa majaribio ya kufikiri: kupanga vitu katika makundi, kutoa hitimisho kutokana na maelezo, kubahatisha kitu kwa kuuliza maswali machache yenye akili. Kisha wakafanya jambo ambalo mitihani yetu haifanyi kamwe. Wakawafundisha watoto mbinu za kazi zenyewe, kwa muda usiofika saa moja, halafu wakawapima tena. Alama zikapanda. Kubwa zaidi, mpangilio ukavurugika: waliokuwa juu mara ya kwanza hawakuwa lazima ndio waliokuwa juu mara ya pili. Na matokeo yale ya pili ndiyo yaliyoeleza vizuri zaidi jinsi watoto hao walivyofanya kwenye vipimo vingine.

Chini ya saa moja! Kipindi kimoja na nusu cha ratiba yetu kinatosha kubadilisha jibu la swali "nani ana kipaji hapa?" Sisi tunalijibu mara moja, siku mbili za Septemba, na jibu hilo linakaa na mtoto mpaka anazeeka.

Watafiti haohao walikuwa wamekwenda Usenge, kando ya Ziwa Viktoria upande wa Kenya, wakawapima watoto 85 juu ya dawa za mitishamba: ipi ni ya tumbo, ipi ya vimelea, inapatikana wapi, inatumiwaje. Walijua sana. Na waliojua zaidi mitishamba walielekea kupata alama za chini kwenye majaribio ya msamiati ya mtindo wa shule. Kijiji kilikuwa na kipimo chake cha akili, shule ilikuwa na chake, na mtoto hakuweza kuwa na muda wa vyote viwili. Nikisoma hayo nawakumbuka wauza aiskrimu wa Tanga. Elimu ilikuwepo mjini kabla haijafika maabara. Ilikosa tu mlango wa kuingilia darasani, na siku Mpemba alipojaribu kuwa mlango akachekwa.

Mlango mwingine tunaufunga kwa lugha. Mtoto amesoma miaka saba kwa Kiswahili, anajenga hoja kwa Kiswahili, anatania kwa Kiswahili. Akifika kidato cha kwanza anakutana na fizikia kwa Kiingereza, na yule aliyekuwa na maswali mengi kuliko wote ananyamaza. Hanyamazi kwa kukosa swali. Anaogopa kukosea sarufi mbele ya watu. Ukiingia darasani mwezi wa Machi utadhani kipaji ni kile kilichotoka shule binafsi ya Kiingereza. Sitaki kuingia leo kwenye mjadala mzima wa lugha ya kufundishia, tutakesha. Nasema tu kwamba mtaala wowote wa watoto wa namna hii unaomkataza mtoto kufikiri kwa sauti katika lugha anayofikiria umeshaitoa nusu yao nje kabla ya kuanza.

Niliwahi kufundisha hisabati shule ya kata. Sekondari hizi zilichipuka kwa wingi baada ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) wa mwaka 2004, na Mungu awabariki waliozijenga, maana bila hizo maelfu wangeishia darasa la saba. Darasa langu lilikuwa na wanafunzi zaidi ya 80. Katika kila darasa kulikuwa na wawili au watatu waliomaliza zoezi kabla sijamaliza kuliandika ubaoni. Nakiri nilichowafanyia: nilichofanyiwa mimi, na kinachofanywa kila mahali. Mwenye mwandiko mzuri nilimpa chaki anakili notisi ubaoni kutoka kwenye daftari langu. Wa pili alisahihisha madaftari ya wenzake. Wa tatu, mkorofi kidogo, nilimtuma ofisini. Ndiyo matumizi ya kipanga, mwanafunzi mwenye akili kuliko wenzake, katika shule ya Tanzania: anakuwa mwalimu msaidizi asiyelipwa. Anapata sifa, anapata ukiranja, na kwa miaka minne hakuna anayemfundisha kitu asichokijua.

Watu husema kipanga hujitafutia. Nimewaona waliojitafutia, na nimewaona wengi zaidi waliojifunza kwamba kusoma ni jambo rahisi lisilohitaji jasho. Hawa hufika kidato cha tano, wanakutana na mada ya kwanza isiyofunguka kwa kutazama mara moja, na hawajui la kufanya. Hawana mazoea ya kukwama. Mwenzao aliyekuwa wa kumi na tano amekwama kila wiki tangu kidato cha kwanza, anajua kukwama kunavyopita.

Basi chungu chenyewe kinapikwaje? Kipande cha kwanza kimejulikana siku nyingi. Joseph Renzulli, Mmarekani aliyeandika mwaka 1978 kwamba kipaji ni uwezo mzuri ukikutana na ubunifu na ung'ang'anizi, alipendekeza pamoja na wenzake jambo la kawaida kabisa: mpime mtoto kabla ya kumfundisha mada. Anachokijua, usimrudishie. Muda uliookolewa mpe kazi yenye kina. Mtaala wake unabanwa upande mmoja na kupanuliwa upande mwingine. Ukiwaeleza walimu wetu hivi wanadhani ni teknolojia ya ng'ambo.

Nami huwauliza: hukupita chuoni? Mtoto aliyesoma Kurani pwani au popote nchini anaujua mtaala huo kuliko Renzulli. Chuoni hakuna kidato. Unaanza na herufi, unaingia sura fupi za juzuu ya Amma, kila mtoto na mahali pake. Ukiwa tayari unamsomea mwalimu. Umepita, unasogea. Hujapita, unarudi kwenye mkeka bila kelele. Wa miaka saba anaweza kuwa mbele ya wa miaka kumi na mmoja na hakuna anayeshangaa. Aliyetangulia humsikiliza wa nyuma, ndiyo, lakini baada ya hapo na yeye ana sura yake inayomsubiri, tena ndefu kuliko ya jana. Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo niliyoisahau na kipanga wangu wa chaki. Chuo kina mapungufu yake, fimbo ikiwemo, lakini kwenye suala la mwendo wa mtoto kilimaliza kazi zamani.

Kipande cha pili ni kigumu zaidi, nacho ni kazi yenye kina. Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza. Wanadhani mtoto anayetangulia apewe mada za mwaka ujao, au maswali ishirini zaidi ya aina ileile. Nitoe mfano ninaoupenda, wa vifuniko vya soda.

Mwambie mtoto ajumlishe namba witiri kuanzia moja: 1, kisha 1 na 3, kisha 1, 3 na 5. Anapata 1, 4, 9. Anaendelea, anapata 16, 25. Kipanga ataona mara moja kwamba ni namba za mraba, ataandika kanuni na kuinua mkono. Darasa la kawaida linaishia hapo, anapata vema. Sasa mpe vifuniko vya soda na umwambie: nionyeshe kwa nini. Hapo ndipo kazi inapoanza. Atahangaika, kisha ataweka kifuniko kimoja, atakizungushia vitatu kwa umbo la pembe, vitano kukizunguka hicho, na ataona mraba unakua mbele ya macho yake kama mkeka unaosukwa kuanzia kona. Sitasahau uso wa msichana mmoja aliyeona hivyo. Alikaa kimya, halafu akavivuruga vyote akaanza upya, kuhakikisha.

Unaendelea. Na namba shufwa je? 2, 2 na 4, 2, 4 na 6: anapata 2, 6, 12. Si miraba, ila mstatili unaokaribia kuwa mraba: 1 mara 2, 2 mara 3, 3 mara 4. Halafu unamtupia mfupa mkubwa: jumlisha namba za ujazo, 1, 8, 27, 64. Majumlisho yanakuja 1, 9, 36, 100. Tena miraba! Mraba wa 1, wa 3, wa 6, wa 10. Na hizo 1, 3, 6, 10 zimetoka wapi? Mtoto anaweza kukaa na swali hilo wiki tatu. Hajatoka nje ya namba anazozijua, hajasoma mada ya kidato cha tano, hajatumia senti zaidi ya vifuniko alivyookota dukani. Ila amefanya kazi ya mwanahisabati: ameona mpangilio, ameushuku, amejaribu kuuthibitisha, amekwama, amerudi.

Ngazi za maswali za namna hii zinaweza kuandikwa kwa kila mada ya kila somo. Katika historia: simulizi mbili za wazee kuhusu vita moja ya Majimaji, zisizolingana, na mtoto apime ipi iaminiwe kwa lipi. Katika Kiswahili: shairi la mizani kumi na sita livunjwe kwa makusudi, kisha mtoto aeleze sikio limeumia wapi. Katika baiolojia: swali la mitishamba ya bibi na jinsi ya kulipima bila kumdharau bibi. Kazi ya kuandika ngazi hizi si ya mwalimu mwenye watoto 80 na vipindi 28 kwa wiki. Tukimwachia yeye tumemsingizia. Ni kazi ya Taasisi ya Elimu, ndani ya kiongozi cha mwalimu, kurasa mbili mwishoni mwa kila mada. Na hapa ndipo ninapoziona zile shule saba zikipata kazi inayolingana na jina lake la mtaani: ziwe jiko. Ngazi ziandikwe pale, zijaribiwe kwa watoto wale, zivunjike, zirekebishwe, kisha ziende Nachingwea na Kakonko. Likizo ya Juni, mabweni yakiwa matupu, waletwe watoto wa shule za kata waliopendekezwa na walimu wao, hata wenye alama C wanaouliza maswali ya ajabu.

Najua nitaulizwa: kwa nini tusiwarushe tu madarasa, kama zamani? Sina ugomvi na kurusha. Tafiti za muda mrefu kwa ujumla zinaonyesha kwamba waliorushwa kwa uangalifu hawakuharibika kama wazazi wanavyohofia. Lakini kumrusha mtoto ni kumpeleka mbele kwenye foleni ya chakula kilekile.

Na nitaulizwa pia, hasa na wale wa siasa za usawa, ambao kimsingi mimi ni mwenzao: kwa nini kuwapa zaidi waliokwisha kupata? Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba tayari tunawapa zaidi, tena kwa njia ya gharama, kitanda na jina, na tunawapa waliopita chekeche moja tu. Mimi nataka kipande hiki cha elimu kiondoke bwenini kiingie darasa la kila shule. Singapore, ambayo tunapenda kuitaja bila kuifuatilia, ilianzisha mpango wake wa watoto wenye vipawa mwaka 1984: asilimia moja hivi ya watoto, kuchujwa wakiwa darasa la tatu, kukusanywa kwenye shule chache. Agosti 2024 Waziri Mkuu Lawrence Wong akatangaza kwamba mpango huo unaachwa kwa sura yake ile, na kila shule ya msingi itakuwa na utaratibu wake wa kuwakuza watoto hao. Walioujenga ukuta ndio walioona haja ya kuutoboa milango.

Na kuhusu nani anayeonekana, kuna wilaya moja kubwa ya shule huko Florida ambayo mwaka 2005 iliacha kutegemea walimu na wazazi kupendekeza majina, ikawapima watoto wote wa darasa la pili. Watoto weusi na wenye asili ya Amerika ya Kusini walioingia programu ya vipaji wakaongezeka sana, bila kipaji kipya kushuka kutoka mbinguni. Walikuwepo siku zote. Miaka michache baadaye bajeti ikabanwa, upimaji ukasimamishwa, na pengo likarudi. Fikiria sasa mtoto wa kike wa mfugaji, anayetembea kilomita nane, anayekosa siku mbili za juma. Nani atalitaja jina lake?

Wakati wenyewe ni mzuri kuliko tunavyodhani. Sera ya Elimu ya 2014, toleo la 2023, imefungua mitaala iliyoanza kutumika Januari 2024, na sekondari sasa ina mkondo wa jumla na mkondo wa amali, yaani wa ufundi na kazi za mikono. Kenya nao wameanza sekondari yao mpya ya juu mwaka 2026 kwa njia tatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, sanaa na michezo. Ninachokiogopa kwetu ni sentensi ninayoisikia tayari vikaoni: huyu ana akili, asipotee amali. Ikishakubalika, amali itakuwa debe la makapi, na yule fundi wa kuzaliwa, anayesikia ugonjwa wa injini kwa sikio, atasukumwa akasome mchepuo ambao hana hamu nao kwa sababu alipata A ya hisabati. Mtaala wa vipaji unaoanzia na kuishia fizikia, kemia na hisabati umekosea chungu tangu kwenye udongo.

Tuseme basi Taasisi imeandika zile kurasa mbili. Zitapimwaje? Katika mfumo wetu kisichopimwa hakifundishwi, na mwalimu mkuu atakayeambiwa na mthibiti ubora kwamba matokeo yameshuka hatajitetea kwa vifuniko vya soda. Napendekeza alama za maendeleo ya darasani, ambazo tayari zina nafasi kwenye matokeo ya kidato cha nne, zitenge sehemu kwa kazi moja ya muda mrefu ambayo jibu lake mwalimu halijui. Narudia: mwalimu halijui. Mwalimu apime njia. Itakuwa vigumu kwetu walimu kuliko kwa watoto, kwa sababu tumelelewa kuamini kwamba heshima ya mwalimu ni kuwa na jibu. Osborne alipoulizwa na Mpemba alisema hajui na kwamba atakwenda kujaribu. Aliporudi Dar es Salaam akampa kazi fundi wa maabara. Fundi akaleta taarifa kwamba maji ya moto ndiyo yaliyoganda kwanza, lakini asiwe na wasiwasi, wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi.

Makala yao ilipotoka mwaka 1969, chini ya jina la Osborne paliandikwa chuo kikuu cha Dar es Salaam. Chini ya jina la Mpemba paliandikwa Chuo cha Wanyamapori, Moshi. Alikuwa ameshakwenda kusomea mambo ya wanyama wa porini.